Mwaka Nilipolima Paa la Mama Njeru

Tulimzika Mama Njeru kule Kanja wiki mbili zilizopita. Mjukuu wake alisoma wasifu kwa sauti nzuri: alikozaliwa, hospitali alizohudumu kama muuguzi, kwaya aliyoiimbia, watoto aliowalea. Mimi nilikuwa mstari wa nne, kwenye kiti cha plastiki kilichokuwa kinazama matopeni, nikingoja wafike kwenye paa. Hawakufika. Wasifu ukakunjwa, watu wakaimba, nikamgusa mwanamke aliyekaa kando yangu. "Na paa je?" Akaniangalia kwa huruma. "Paa gani, mama?" Nikanyamaza, maana mazishi si mahali pa kugombana, lakini nilirudi nyumbani Meru nimekasirika, na hasira zangu huwa haziishi mpaka niandike. Mwanamke amefanya jambo ambalo mtaa mzima ulilicheka kisha ukaliiga, halafu siku ya mwisho anasifiwa kwa kuimba sauti ya pili! Basi nitaeleza mimi, hata kama kwa kueleza nitajianika mwenyewe.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka Meru kuja Embu kuuza katika duka la mbegu, dawa za mifugo na dawa za magugu. Ya kwetu nayaacha, hayana kazi hapa. Nilipata chumba mtaa wa Dallas, katika ploti ya vyumba vinne iliyokuwa na kichekesho chake: juu hapakuwa na mabati bali slabu ya zege, na kutoka kwenye slabu vyuma vya nguzo vilikuwa vimesimama wima vikingoja ghorofa ambayo haikuwahi kuja. Mume wa Mama Njeru alikufa kabla hajaipandisha. Mama mwenyewe alikaa chumba cha kwanza na cha pili, mimi cha tatu, na cha nne alikaa Twahir, dereva wa lori mzaliwa wa Maua, mtu mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani, ambaye kila Ijumaa akiwa hayuko safarini alipika pilau na kututumia sahani mbili zilizofunikwa. Siku ya kwanza nilipobeba godoro langu nikipita uani, niliinua macho nikaona majani ya viazi vitamu yakining'inia kutoka juu ya nyumba. Nikadhani ni macho yangu na uchovu wa safari.

"Hayo ni nini, Mama?"

"Ni shamba," akasema, kama mtu aliyeulizwa jina la mbuzi wake.

Mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua, na mwaka ule ulinishika vibaya. Jioni hiyo hiyo, kabla sijafungua hata sanduku, nilikuwa nimepanda ngazi ya mbao kwenda kuona. Nilikuta kitu ambacho sikuwa na jina lake. Nusu ya slabu ilikuwa kijani kibichi, mboga za kienyeji, terere na managu, na viazi vitamu na kila aina ya majani madogo yasiyopandwa na mtu. Nusu nyingine ilikuwa zege tupu lililopauka. Mama Njeru alinifuata polepole, mkono mmoja kiunoni, akaanza kunifunulia tabaka moja moja kama anayemvua mtoto nguo. Chini kabisa, nailoni nzito ile ya kutandika bwawa. Juu yake maganda magumu ya njugu za makadamia, ambayo Twahir alimletea kwa magunia akitoka upande wa Meru, ili maji yapate pa kupita. Halafu magunia makuukuu yaliyofumuliwa. Halafu udongo uliochanganywa na maganda ya mpunga ya Mwea, mwepesi mpaka ukiushika unadhani umeshika mkate. Kina chake, kiganja kimoja na vidole. "Fundi aliimwaga hii slabu ibebe watu na makabati na watoto wa kurukaruka," aliniambia. "Itashindwa na terere?"

Ila kilichonipata hasa kilikuwa chumbani kwake. Ilikuwa Februari, jua la mchana likiwaka bila aibu. Aliniita, akanisimamisha juu ya kitanda chake, viatu nimevua, akasema weka mkono hapo. Nikaweka kiganja kwenye dari la zege, nikakitoa haraka, kwa sababu palikuwa moto kama ubavu wa sufuria. "Sasa sogea huku." Nikasogea hatua mbili, godoro likibonyea. Hapo palikuwa baridi. Haki ya Mungu, palikuwa baridi! Nilirudi kule kwenye moto, nikarudi huku kwenye baridi, nikafanya hivyo mara nne au tano, na yeye amekaa kwenye kigoda anacheka mpaka anafuta machozi. Aliniambia kwamba yeye alianzia kwenye ufa. Majani yaliota ndani ya ufa wa slabu, akaenda kuyang'oa, akagundua kwamba zege chini ya kile kichaka kidogo halikuwa moto kama kwingine. Mtu mwingine angeyang'oa na kwenda zake. Yeye alikaa chini akafikiri kwa wiki nzima. Siku hizi nikisikia vijana wasomi wa chuo kikuu kule Nchiru wakieleza haya mambo kwa picha na michoro, nyumba inayovaa majani, kiwanja kisichotupa kitu, natabasamu. Ni kweli wanayosema. Ni vile tu mimi niliyapokea kwa kiganja, nimesimama juu ya kitanda cha mjane.

Na kiwanja chake kweli hakikutupa kitu. Maji ya kuoshea vyombo yalipita kwenye pipa la kokoto yakaenda kunywesha nduma, yale magimbi yapendayo maji, nyuma ya bafu, na nduma zile tulizila asubuhi na chai ya rangi. Maganda ya viazi yalienda kwa sungura, mavi ya sungura yalipanda ngazi kwa ndoo, na terere ilishuka ngazi kwa karai ikaingia kwenye mukimo, ikapondwa pamoja na viazi na mahindi. Niliwahi kutupa maganda ya ndizi kwenye pipa la taka la barabarani, akaniuliza mbele ya Twahir kama kwetu Meru sisi ni matajiri kiasi hicho. Twahir akadakia, "Kwao wanatafuna majani ya miraa tu, Mama, maganda hawajui ni ya nini." Nikamwambia yeye wa Maua ndiye aliyezaliwa katikati ya hayo majani. Tulikuwa tukila hivyo, tumekaa kwenye benchi la mlangoni, tunachokozana, na Mama Njeru akituhesabia vipande vya nyama kwa macho ili mmoja asionewe.

Ukuta kati ya chumba changu na chake ulikuwa mwembamba. Sikuwa nasikiliza makusudi. Basi, nilikuwa nasikiliza makusudi. Mwanawe Njeru alikuwa na kazi nzuri Nairobi, kijana msafi, viatu vinang'aa, na alipokuja sauti ilipanda.

"Mathe, watu wanacheka. Wanasema umekosa shamba mpaka unalima kwa paa."

"Wacha wacheke, meno yapate hewa."

"Na hiyo udongo yote iko na maji. Siku moja itakuangukia ukiwa umelala. Mimi siwezi lala Nairobi nikifikiria hiyo kitu."

Ndipo akatoa shauri lake. Mama arudi Kanja, kwa boma la baba, akapumzike. Yeye ataleta kontrakta aondoe uchafu ule wote, apandishe ghorofa, vyumba vipangishwe. Kisha Mama Njeru akasema kwamba anaomba mvua ya mwezi wa nne iamue. Njeru akacheka, akakubali. "Paa likivuja tone moja, mathe, moja tu, unaenda Kanja. Lisipovuja, nitanyamaza."

"Hujawahi kunyamaza tangu nikuzae," akasema mamake, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

Kesho yake tulikuwa tukichambua maharagwe, nikamuuliza kwa nini Kanja ni pabaya hivyo, mtu kurudi kwake. Akaniambia Kanja si kwake. Kule ni kwa shemeji zake, na yeye akifika atapewa kiti kizuri na kikombe cha uji, ataitwa nyanya na kila mtu, na hakuna atakayemuuliza tena anafikiri nini. "Hapa nikiamka, kuna kitu kinaningoja juu," alisema. "Kule nitakuwa mimi ndiye nangoja." Nilimwelewa. Niliapa moyoni kwamba kama kuna jambo naweza kufanya ili mama huyu abaki Dallas, nitalifanya. Nililifanya kweli, na mpaka leo nikikumbuka masikio yananiwaka.

Mwishoni mwa Machi alikwenda Kanja siku tano kusaidia kupanda maharagwe. Alipokuwa akifunga mkoba alinikabidhi ufunguo wa ngazi, akasema maneno matatu: "Niangalizie shamba langu." Angesema bustani, angesema majani, hata angesema paa, mambo yangekwenda vingine. Lakini alisema shamba, na mimi nimezaliwa kwenye miteremko ya mlima huu. Kwetu mtu anayeangalia shamba na asilime, ameangalia nini? Shamba lenye magugu ni aibu ya mwenye shamba, watu wakipita wanauliza kama pale kuna mgonjwa. Nikapanda juu siku ya pili nikaona magugu kila mahali, hasa ile mukengeria, ile yenye maua madogo ya buluu, ambayo kila mkulima wa huku huichukia tangu utotoni. Nilikuwa nauza dawa za kuiua! Na Njeru alikuwa amesema atapitia siku yoyote. Nikawaza, akija akute shamba la mamake limejaa magugu, si atapata la kusema?

Jumamosi nikaazima jembe la meno matatu kwa jirani, nikafunga leso kiunoni, nikalima. Nililima kwa moyo wote, kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, jasho linanitiririka, nikaimba. Niling'oa mukengeria yote nikairusha chini nyuma ya choo. Nilipomaliza, udongo ulikuwa safi kama uwanja wa kanisa, na mboga zimesimama kwa mistari, na katikati hakuna hata unyasi. Mahali pamoja tu, karibu na chuma cha nguzo ya kona, kulikuwa na mzizi mkaidi wa kiazi. Nikainua jembe, nikapiga. Meno yalipita kwenye udongo, yakagusa kitu laini, kikaachia. Nilijua. Nilisimama pale na jembe mkononi nikajua kabisa, kisha nikafukia kwa mguu nikajiambia sijui.

Twahir alirudi kutoka safarini, akainua macho, akasema, "Kagendo, umelinyoa paa?"

Mama Njeru alirudi Jumapili baada ya kanisa. Alipanda ngazi, mimi nyuma yake nikingoja sifa. Alifika juu, akatazama, akakaa kwenye ukingo wa ngazi.

"Umelima."

"Ndiyo, Mama. Kulikuwa na magugu."

"Magugu ndiyo yalikuwa yanashika udongo, msichana wangu. Mboga ni ya kula tu. Paa ni yale magugu." Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Aliokota udongo, akaupepeta kwa vidole, ukaruka na upepo. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Jembe lilifika chini?"

"Halikufika, Mama."

Nilisema hivyo, waziwazi, kwa mtu aliyenigawia nduma zake kila asubuhi. Niliogopa. Sina maelezo mengine.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na urefu wa siku kumi na moja. Mvua ilianza Jumanne ya wiki ya pili, mvua ya kweli ya mlima, ya kuziba masikio. Udongo uliokosa kitu cha kuushika ulianza kutembea; maji yakausomba mpaka kwenye mdomo wa bomba la kutolea maji, bomba likaziba, na juu pakawa ziwa. Twahir alipanda na mwavuli akazibua, lakini maji yaliyotuama yalikuwa yamekwisha kutafuta njia. Jioni nikiwa nimekaa kitandani na kikombe cha chai, nilisikia ukutani kwa Mama Njeru: to. Kimya. To. Tone likiangukia kwenye ndoo ya bati. Nikaweka kikombe sakafuni. Alhamisi asubuhi Mama Njeru aliniita tule nduma kama kawaida, tukala, akaniuliza habari za dukani, na ile ndoo ilikuwa inaonekana kupitia mlango wa chumba chake cha kulala. Nilijaribu kufungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza nikaomba chumvi, ya pili nikaomba chai.

Njeru alikuja siku hiyo hiyo saa nane, bila kutangaza. Nilikuwa nimerudi mapema kutoka dukani kwa sababu ya mvua, nikasikia yote.

"Mathe, hii ni nini?"

"Ni ndoo."

"Naona ni ndoo. Inangoja nini?"

To, ndoo ikajibu yenyewe. Nilingoja Mama Njeru abishe. Nilingoja lile neno lake moja la kukata. Badala yake nikasikia Njeru akitoka uani na simu yake ya mkononi, akimwambia kontrakta aje Jumatatu na watu wa kubomoa, na upande wa ndani nikasikia kabati likifunguliwa. Nilichungulia. Mama Njeru alikuwa anakunja mablanketi yake, moja juu ya lingine, akiyalainisha kwa kiganja. Alikuwa amekubali. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguoni mwake nilikuwamo mimi, nimeshiba nduma.

Nilitoka mbio uani na kandambili moja mguuni.

"Ni mimi!"

Njeru akageuka. "Ni wewe nini?"

"Ni mimi nilitoboa. Na jembe. Paa halikuwa na makosa, nililima nikapiga mpaka chini, na Mama aliniuliza nikamdanganya." Mama Njeru alikuwa amekuja mlangoni na blanketi mikononi. Sikuweza kumtazama.

"Hata kama," Njeru akasema. "Si limevuja? Tulisema tone moja."

"Na wewe ukipiga mabati na msumari, mvua ikinyesha, utasema mabati ni mabaya?" Hiyo ilikuwa sauti ya Twahir, kutoka chumba cha nne, mdomo umejaa. Alitokeza na sahani yake. "Muulize vizuri, bwana mkubwa. Akuonyeshe."

Njeru alinitazama, akamtazama mamake. Alikuwa mtu mwenye haki, hilo sitamnyima. "Haya. Nionyeshe hilo tundu. Lakini msiniletee hadithi za ploti. Nikikuta nailoni imeoza yenyewe, kontrakta anakuja."

Tulipanda. Mvua ilikuwa imepungua kuwa manyunyu. Nikamwomba Twahir abebe lile jembe, ambalo sikuwa nimelirudisha kwa jirani. Kwenye chuma cha kona nilipiga magoti nikaanza kufukua kwa mikono, udongo na maganda ya makadamia vikinichoma chini ya kucha. Hapakuwa na kitu. Nailoni ilikuwa nzima, nyeusi, inang'aa. Nikasogea. Nzima. Nilikuwa nimeungama na sasa ningeonekana nimeungama uongo. Njeru alisimama na mikono mfukoni kwa muda, kisha akaguna, akakunja suruali, akapiga magoti upande wa pili wa chuma na viatu vyake vile, akafukua. Ni yeye aliyeona.

"Moja," akasema. Akapangusa kwa kidole gumba. "Mbili." Akapangusa tena. "Na tatu."

Matundu matatu, yamepangana mstari mmoja. Alinyoosha mkono, Twahir akampa jembe. Aliliweka taratibu, jino kwenye tundu, jino kwenye tundu, jino kwenye tundu. Yakaingia sawasawa. Alikaa pale akilitoa na kulirudisha, kama mimi na kiganja changu siku ile ya joto, na nikaona uso wake umekuwa wa mtu anayetaka kujua. Akainua ukingo wa nailoni akatia mkono kwingine, mbali na matundu. "Huku ni kukavu," akasema. "Mathe, huku ni kukavu kabisa." Mamake alikuwa chini, ameishika ngazi kwa mikono miwili.

Twahir alileta raba na gundi zake za kuziba mipira ya lori. Tulipangusa, tukakwangua, tukabandika viraka vitatu, Njeru mwenyewe akavikandamiza kwa kisigino mpaka gundi ikashika. Tukarudisha maganda, magunia, udongo. Nilikwenda nyuma ya choo nikaokota mukengeria niliyoitupa, ambayo bila shaka haikufa, nikaitandaza juu kwa mikono miwili, mimi muuza dawa.

Mvua ilirudi Jumamosi mchana, kubwa kuliko ya kwanza. Njeru hakuwa amerudi Nairobi. Aliingia chumbani kwa mamake, akavua viatu, akalala chali juu ya kitanda, macho kwenye dari, na ile ndoo akaiweka juu ya kifua chake. Mimi na Mama Njeru tulikaa jikoni tukichambua terere. Saa nzima ilipita. Nyingine ikapita. Mtu hakuweza kusikia sauti yake mwenyewe kwa ile mvua, kisha ikapungua, na katika ule utulivu tukasikia anapiga simu.

"Jumatatu usije," alikuwa anasema. "Hapana, si kuahirisha. Usije kabisa... Sikiza, mathe anakaa hapa... Nani amekwambia Kanja? Kwake ni hapa."

Mama Njeru hakuinua kichwa. Aliendelea kuchambua majani, ila alikuwa anatupa majani kwenye karai la vijiti na vijiti kwenye sufuria. Mimi ndiye nilishindwa. Nililia kwa sauti, makamasi na yote, leso mdomoni, na sikujua kama nalia kwa furaha au kwa aibu ya zile siku kumi na moja.

Aliniacha nilie kidogo. Kisha akanisukuma bega kwa kiwiko.

"Sasa wewe unalia nini," akasema, "na ni wewe ulitoboa?"